Chakula, vyombo na kusoma katika nyumba za wafanyakazi wa Katanga

Historia ya miji ya shaba ya Katanga huandikwa kwa kawaida kutoka upande wa kazi: tani zilizoyeyushwa, mikataba, reli, migomo. Nyumba ya mfanyakazi hupewa mistari michache, kana kwamba mtu aliyetoka mgodini jioni alitoweka hadi king'ora cha asubuhi. Kampuni yenyewe haikuwa na fikira hiyo. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilipima unga uliopikwa, ikahesabu vyumba, ikaamua ni nani alale ndani yake, na baadaye ikapeleka hata gazeti la kusomwa baada ya chakula. Misioni na serikali ziliongeza maagizo yao. Kwa hiyo habari za chungu, viti na vitabu katika kambi hizo si mambo ya pembeni. Hapo ndipo mamlaka yalipotaka kuingia hadi ndani kabisa, na hapo ndipo wenye nyumba walipopata nafasi ya kuyakubali maagizo, kuyageuza, au kuyaacha yapite.

Makala haya yanauliza ni yapi kati ya maagizo hayo yaliyoshika. Wengi walioandika juu ya ubaba wa kampuni wameeleza kambi kama shule kubwa ambamo mke wa mfanyakazi alifundishwa kupika, kupanga nyumba na kulea watoto, naye akajifunza. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini yanachanganya vitu viwili visivyo sawa: kilichofundishwa na kilichogawiwa. Mafunzo ya upishi yaliacha alama ndogo katika chungu cha jioni; unga uliogawiwa ulikibadilisha chote. Msamiati wa Kiswahili cha Lubumbashi unatoa ushahidi wa jambo hilo ambao ripoti za kampuni hazikukusudia kuutoa.

Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilianzishwa mwaka 1910, wakati reli kutoka kusini ilipofika. Shaba ya kwanza ikayeyushwa mwaka 1911. Wanaume waliokuja kufanya kazi, wengi wao kutoka Rhodesia ya Kaskazini na bonde la Luapula, walikuja kwa miezi michache na bila wake zao. Walilala wengi katika kibanda kimoja na kupika kwa zamu baada ya kazi. Maradhi yalikuwa mengi na vifo vingi. Amri ya tarehe 16 Machi 1922 juu ya mkataba wa kazi ilimlazimu mwajiri amlishe mfanyakazi wake na kumpa mahali pa kulala. Lakini hata kabla ya amri hiyo kampuni ilikuwa imekwisha kujua kwamba mtu mwenye njaa hachimbi.

Amlishe nini? Nchi zilizouzunguka mji hazikuwa na watu wa kutosha wala chakula cha ziada cha kulisha maelfu. Kwa hiyo unga wa mahindi uliletwa kwa reli ileile iliyoleta mashine, kutoka mashamba ya kusini. Unga wa mahindi ulikuwa na sifa ambazo mhasibu hupenda: husafirishwa kwa magunia, hupimwa kwa kilo, hukaa ghalani, na hupikwa kwa muda mfupi na mtu asiye na ujuzi. Muhogo hauna sifa hizo. Unataka kulowekwa siku kadhaa, kuanikwa na kutwangwa, na kazi hiyo katika vijiji ilikuwa ya mikono ya wanawake, ambao kambini hawakuwapo. Urahisi wa upishi katika miji ya shaba ulianza hivyo, kwa mahesabu ya ghala.

Hapo ndipo mzizi wa neno ambalo kila mkaaji wa Lubumbashi hulitaja kila siku. Chakula kile ambacho pwani huita ugali, Kivu bugali, na Kasai nshima, hapa ni "bukari", na bukari ya mjini ni ya mahindi kwanza. Wanawake walipokuja baadaye, walirudisha unga wa muhogo kwa kuuchanganya na ule wa mahindi, ili bukari ipate mvuto na ulaini waliouzoea. Hakuna mwalimu aliyewafundisha mchanganyiko huo. Kinacholiwa pamoja na bukari, hata kikiwa nyama au samaki, huitwa "mboga". Matumizi haya yanafuata mantiki ya sahani: kuna bukari, na kuna kinachoiteremsha. Nalo neno posho, ambalo Afrika ya Mashariki lilikwenda na misafara na kambi za askari, hapa likawa "mposho", likapata nguvu kubwa kuliko mahali pengi pengine. Siku ya mposho ilikuwa siku ya kambi nzima.

Mabadiliko makubwa yalikuja karibu na mwaka 1928. Kuajiri watu wapya kila baada ya miezi sita kulikuwa ghali, na serikali ya Rhodesia ya Kaskazini ilianza kuhitaji watu wake kwa migodi yake yenyewe. Kampuni ikachagua siasa ya kuwakalisha wafanyakazi: mikataba ya miaka mitatu, watu kutoka Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi, na ruhusa ya kuja na mke. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa viongozi wa siasa hiyo, aliieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1946, akijivunia matokeo ya miaka ishirini. Mfanyakazi aliyetulia na familia, kwa maoni yake, huishi zaidi, hufanya kazi vizuri zaidi, na watoto wake watakuwa wafanyakazi wa kesho. Msomaji wa leo hupata shida kutenganisha katika maandishi hayo wema na hesabu. Huenda mwandishi wake mwenyewe hakuvitenganisha.

Mke aliyeandikwa alipata sehemu yake ya posho, na mtoto aliyeandikwa vilevile. Maana yake ni kwamba ndoa ilipewa uzito wa kilo. Mwanamke asiyeandikwa hakuwa na unga. Watoto walipewa chakula na kampuni moja kwa moja, mbele ya wauguzi, kwa sababu wakuu waliogopa kwamba sehemu ya mtoto ikifika nyumbani ingeliwa na watu wengine. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Madaktari walihesabu nyumba kuwa mume, mke na watoto. Mwenye chungu alihesabu pia mdogo wa mume aliyefika kutafuta kazi, mama mkwe aliyekuja kumwona mjukuu, jirani ambaye mumewe alikuwa amefungwa. Hao hawakuwa na kadi, nao walikula.

Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndiyo iliyofanya upishi wa kambi kuwa kama ulivyo. Bukari huongezeka kwa maji na mkono. Mboga haiongezeki hivyo. Kwa hiyo kila kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, na kila mfereji wenye unyevu, ulipandwa "lengalenga", ambayo pwani ni mchicha, na "matembele", yaani majani ya viazi vitamu. Majani ya muhogo, ambayo pwani huitwa kisamvu na Kinshasa pondu, hapa yalibaki "sombe". Samaki wadogo waliokaushwa walitoka Luapula na ziwa Mweru. Baadhi ya wanawake walitengeneza "munkoyo" na pombe za kuuza, hata pale zilipokatazwa, na fedha hiyo ilirudi katika chungu. Chakula hiki cha majani, samaki mkavu na karanga zilizopondwa, ambacho leo husifiwa kama chakula cha asili cha Katanga, kwa kiasi kikubwa ni kazi ya wake wa kambi waliokuwa wakijaza pengo la posho. Tena kilikusanya mapishi ya makabila mengi mlangoni pamoja, na majina ya Kibemba, Kiluba na Kisanga yakaingia katika Kiswahili kupitia jikoni.

Utulivu ulioahidiwa haukuwa imara. Bei ya shaba ilipoanguka kuanzia mwaka 1930, maelfu ya wafanyakazi walirudishwa makwao, na nyumba zilizokuwa zimeanza kupangwa zikaachwa wazi. Vita vya pili vya dunia vilileta kazi nyingi na bidhaa ghali. Mgomo wa Desemba 1941 kwa kawaida huelezwa kama mgomo wa mishahara, na ndivyo ulivyokuwa; lakini mshahara huo ulikuwa umepimwa sokoni, kwa bei ya kitambaa, sabuni na nyama. Tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Baada ya vita serikali na kampuni zilitia bidii mpya katika mambo ya nyumba, na si vigumu kuona kwa nini.

Bidii hiyo ilichukua sura ya shule za masista na ya vituo vya mafunzo ya kina mama ambavyo watu waliviita "fwaye". Vituo vya namna hiyo vilienea katika nchi zote zilizotawaliwa na Ubelgiji; kile cha Usumbura, kilichofunguliwa mwaka 1946, ndicho kilichochunguzwa zaidi na wanahistoria. Mafunzo yalikuwa yaleyale kila mahali: kushona, kupiga pasi, kuogesha mtoto, kupika, kutandika meza. Walimu walikwenda pia kuzitembelea nyumba za wanafunzi wao. Kushona kulishika, kwa sababu mwanamke mwenye mashine ya kushona alikuwa na fedha yake. Chai yenye sukari pamoja na mkate ilishika asubuhi, kwa kuwa ilikuwa ya haraka na mume alikuwa anawahi king'ora. Lakini mapishi ya Ulaya hayakuvuka mlango wa chakula cha jioni. Mtu hahitaji kutafuta upinzani wa siri katika jambo hilo. Mbabula moja ya makaa, sufuria mbili na watu wanane wa kulisha huamua mambo mengi kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Upande wa vyombo, historia ilikwenda njia nyingine. Nyumba za kambi zilijengwa kwa tofali, na vyumba vyake vilikuwa vichache. Wakuu wa kambi walikagua usafi: uwanja ufagiliwe, vitu vipangwe, visirundikwe, wageni wajulikane. Somo la jumla lilikuwa kiasi na utaratibu. Wakati huohuo, hata hivyo, serikali ilianza kuwapima Wakongo wachache kwa wingi wa vyombo. Kadi ya sifa za uraia iliwekwa mwaka 1948, na amri ya kuandikishwa, yaani imatrikulasyo, ilitolewa mwaka 1952, ili wale walioitwa "évolué" wapate haki kidogo zaidi ya wenzao. Tume ilifika nyumbani kwa mwombaji. Iliangalia meza na viti, vitanda, jiko na choo, jinsi mume na mke walivyokula pamoja, na kama kulikuwa na vitabu. Patrice Lumumba mwenyewe, karani wa posta wa Stanleyville, alikataliwa kwanza kabla ya kuandikishwa mwaka 1954. Kwa nchi nzima, kadi zilizotolewa katika muda wa miaka kumi hazikufika 2,000. Waliokaguliwa walikuwa wachache, lakini waliojua kwamba nyumba inaweza kukaguliwa walikuwa wengi sana.

Ndipo kilipozaliwa chumba ambacho Kiswahili cha Lubumbashi hukiita "saluni": mahali pa mbele, pa kuonyesha. Majina yenyewe yanasema yalikotoka. Vitu vya kulia na kupikia, kama meza, sahani, kikombe na sufuria, vina majina yaliyokuja na Kiswahili kutoka mashariki. Majani na vinywaji vina majina ya lugha za jirani. Lakini vitu vya saluni vina majina ya Kifaransa: "fotei" kwa kiti cha kupumzikia, "rido" kwa pazia. Ni kama tabaka za udongo katika mgodi wa wazi. Na yote kwa pamoja ni "bintu", vitu, neno ambalo katika mji wa shaba limebeba heshima ya mtu: aliyefanya kazi miaka thelathini asiwe na bintu nyumbani, kazi yake haikuonekana.

Baada ya uhuru, saluni iliponyoka mikononi mwa wakaguzi. Union Minière ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967, na kampuni ya serikali iliyoirithi ikaja kuitwa Gécamines. Katika miaka ya 1970 wafanyakazi na makarani walitundika ukutani picha zilizochorwa na wachoraji wa mjini kwa rangi za kawaida juu ya vitambaa vya magunia ya unga: "mamba muntu", yule mwanamke wa majini, mandhari ya kijiji, na mara nyingine "Colonie belge", askari akimchapa mfungwa mbele ya mkuu mweupe. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliozichunguza picha hizo wakati huo, walizikuta katika nyumba za watu wenye kipato kidogo, juu ya fotei, mahali ambapo mwalimu wa fwaye angetamani kuona kalenda ya misioni. Tshibumba Kanda Matulu, mashuhuri zaidi kati ya wachoraji hao, aliyauza maono yake ya historia ya nchi katika nyumba hizo kabla wataalamu hawajamjua.

Kusoma kulikuja nyumbani kwa njia nyembamba zaidi. Katekisimo, kitabu cha sala na vitabu vya shule vilikuwa vya kwanza. Elisabethville ilikuwa na gazeti la kila juma kwa wenyeji, Ngonga, katika miaka ya 1934 na 1935, na barua za wasomaji wake zilibishana juu ya ndoa, mavazi na mwenendo wa vijana wa mjini. Baada ya vita walikuwapo wasomaji wa La Voix du Congolais, iliyotoka Léopoldville kuanzia 1945 hadi 1959, lakini hilo lilikuwa gazeti la Kifaransa na la wenye cheo. Kampuni nayo ilianzisha Mwana Shaba mwaka 1957. Jina lilichaguliwa kwa akili: msomaji aliitwa mtoto wa shaba, na kila mtoto ana baba. Hata hivyo, maandishi yaliyosomwa kwa moyo zaidi kambini huenda yalikuwa yale yasiyochapishwa, yaani barua kutoka kijijini, ambayo aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua, na jibu likaandikwa papo hapo juu ya meza ya chakula.

Na iko hati moja inayopaswa kuwekwa mbele ya magazeti hayo yote. Mwaka 1965 André Yav, pamoja na wenzake waliokuwa wamewatumikia Wazungu majumbani, alipiga chapa kwa mashine maandishi marefu ya Kiswahili cha mji huo, yenye kichwa cha Kifaransa Vocabulaire de la ville d'Elisabethville. Johannes Fabian aliyachapisha mwaka 1990. Si kamusi, ingawa jina linadai hivyo. Ni historia ya mji tangu mwanzo wake, iliyosimuliwa na watu waliosimama nyuma ya kiti cha bwana, waliopika chakula chake na kufuta vumbi la vitabu vyake. Hawa ndio walioyajua maisha ya nyumbani ya pande zote mbili. Wakati taasisi zilizowahimiza wenyeji wasome zilikuwa zikitoa ushauri juu ya sabuni na akiba, wapishi hawa walikuwa wamefikiri kwamba jambo linalostahili kuandikwa ni nani alijenga mji na kwa malipo gani. Wataalamu wa Kiswahili bora wamelalamikia tahajia ya hati hiyo. Wangeisoma kwanza.

Miaka ya 1990 ilizifungua nyumba hizo kwa nguvu. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990. Uporaji ulifika Lubumbashi Oktoba 1991. Uzalishaji wa Gécamines, uliokuwa umepita tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ulishuka chini ya 50,000 ilipofika 1993. Katika 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa katika kambi hizohizo, walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Familia zilikaa majuma na miezi kwenye stesheni zikingoja treni, baada ya kuuza kwa bei ya kutupa au kuacha kile kilichokusanywa kwa vizazi viwili. Waliobaki nao waliona saluni ikipungua. Mshahara usipokuja, fotei huwa unga. Vitabu na magazeti ya zamani viliishia kwa wauza karanga, ambao hufunga bidhaa yao kwa ukurasa wowote. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na hiari hiyo ilijadiliwa sana mbele ya mahakama na nje yake.

Mgeni aliyeingia katika nyumba ya kambi baada ya hayo, akakuta viti viwili vya plastiki, ukuta mtupu na chakula kimoja cha moto kwa siku, aliweza kudhani kwamba ameona maisha ya kale yasiyoguswa na mji. Utafiti ulioongozwa na Pierre Petit na kutolewa mwaka 2004 kwa jina la Byakula, ambalo ndilo neno la Lubumbashi kwa vyakula, ulionyesha picha tofauti: nyumba zinazokumbuka sahani zilizokuwa nazo, na wanawake wanaoendesha chakula cha siku kwa biashara ndogondogo na mashamba yaliyo nje ya mji. Donatien Dibwe dia Mwembu aliwaita watu hao, katika kitabu chake cha mwaka 2001, wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000, ulikusanya masimulizi na vitu vya maisha ya kila siku kutoka kwa wakazi.

Jikoni mambo yamebadilika polepole kuliko saluni. Lengalenga bado hupandwa mahali palepale penye unyevu, na muhogo huongezwa katika unga wa mahindi kwa kadiri ya mkono wa mpishi. Unga wenyewe bado hutoka kusini kwa sehemu kubwa, sasa kwa malori yanayopita Kasumbalesa. Zambia inapokataza mahindi yake kutoka, bei ya mfuko wa unga hupanda Lubumbashi, na wenye nyumba hupunguza kipimo.